Bomba Lisilo na Ukingo

Jonna Lantto alikiweka kipoza-hewa cha gari la marehemu baba yake juu ya meza yangu ya kazi siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, jua la Machi likiwa limekwisha kuanza kudondosha maji ya barafu kutoka paani. Alikuwa amekifunga katika blanketi, kama mtu amchukuavyo mtoto kwenda kubatizwa. Alipolifunua blanketi nilikitambua mara moja, kwa kuwa mmoja wa midomo yake miwili niliukata mimi kwa mkono wangu.

"Hakikupata hata mkwaruzo, Mzee Hilding," alisema. "Gari liliumia ubavu wote wa kushoto, hiki kikabaki kizima. Mama amekiweka ghalani miaka sita."

Alitaka nikifunge katika gari lake. Lilikuwa gari la aina ileile aliyokuwa nayo baba yake, lenye turbo, na kila siku alfajiri alilipeleka mgodini, alikofanya kazi ya kutengeneza malori ya mawe. Barabara ile ina malori ya magogo mchana na usiku.

"Nimechoka kula theluji ya malori," alisema. "Nikitaka kumpita mtu, nataka nimpite mara moja, si kukaa ubavuni mwake nikisali. Funga hiki, kisha upandishe presha mpaka moja nukta mbili. Kama ya baba."

"Wewe ni fundi," nilimwambia. "Unafungua magurudumu yaliyonizidi kimo. Kwa nini usikifunge mwenyewe?"

"Katika gari la baba ulikifunga wewe. Nataka mikono ileile."

Niliitazama mikono yangu, nikaiingiza mifukoni.

Asiyejua mambo haya na aelewe hivi. Turbo huisukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, lakini hewa iliyosukumwa hupata moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haifai sana. Kwa hiyo hupitishwa kwanza katika kipoza kinachokaa mbele ya gari, upepo wa safari ukiipoza. Kipoza kikiwa kikubwa, fundi anaweza kuongeza presha bila kuiunguza injini. Hewa hiyo yote hupita katika mabomba ya mpira yaliyovikwa juu ya midomo ya chuma na kukazwa kwa vibano. Mdomo uliotengenezwa vema una ukingo ulioinuka, mfano wa ukingo wa chungu, ili mpira usiteleze ukatoka. Ukingo huo ndio niliouondoa mimi.

Nitaeleza lililotendeka bila kulipamba.

Taisto Lantto, baba yake msichana huyu, alikuwa rafiki yangu tangu shule ya Pajala. Alikuwa mwenzetu katika ushirika wetu wa kidini, ila alikuwa mtu wa mzaha, nami si mtu wa mzaha. Jumamosi moja ya Februari tulikuwa tukikifunga kipoza hiki katika gari lake, tukaona kimezidi urefu kwa vidole viwili upande wa kushoto. Nilichukua msumeno wa chuma, nikaukata mdomo pamoja na ukingo wake.

"Askofu," Taisto alisema kwa jina la utani alilonipa, akiinama kutazama, "umemtahiri huyu!"

Sikucheka. Nikamwambia kwamba Jumatatu nitauchomelea ukingo mpya, kwa maana gesi ya kuchomelea ilikuwa imekwisha, na Jumapili kwetu mtu hashiki spana.

"Mimi Jumatatu alfajiri niko kazini," alisema. "Tufunge hivihivi. Nimeleta dawa."

Akatoa ndani ya koti kopo la dawa ya nywele, ile wanayopuliza wanawake wa mjini ili nywele zisimame. Alikuwa amelinunua mjini Haparanda. Mafundi wote wa magari ya turbo wanaijua hila hiyo: ukiipuliza ndani ya mpira, mpira huteleza vizuri dawa ingali mbichi, nayo ikikauka hushika kama gundi. Nami niliijua. Lakini katika ushirika wetu wanawake hawajipambi nywele, na nyumba yangu haijapata kuingiza kopo la namna hiyo tangu ilipojengwa.

"Kitu hicho hakiingii hapa," nilisema.

"Hilding, ndugu yangu, sijipulizii mimi! Unapulizwa mpira. Mpira nao una roho?"

"Leo mpira. Kesho binti yako."

"Basi mpira ukienda motoni nitautolea ushahidi mimi."

Nilimnyang'anya lile kopo, nikafungua mlango, nikalitupa kwenye theluji. Yeye alicheka, akatikisa kichwa, akaniacha nifanye nipendavyo, kwa kuwa gereji ilikuwa yangu. Mpira ulikuwa mkavu na mgumu kwa baridi, ukakataa kuingia. Nikaupaka mafuta ya injini ndani. Uliingia kwa ulaini. Nikakaza kibano mpaka spana ikagoma.

Nilijua. Hakuna fundi asiyejua kwamba mafuta hayakauki, na kwamba mpira ukichomoka gari hukosa nguvu ghafla. Nilijiambia kwamba kibano kitatosha kwa siku mbili, na kwamba nimeilinda nyumba yangu na uchafu.

Jumatatu, kabla ya jua kupanda, Taisto alitaka kulipita lori la magogo katika kipande kilichonyooka karibu na njia panda ya Kaunisvaara. Dereva wa lori alieleza baadaye kwamba aliliona gari likija kwa kasi mpaka likalingana na mlango wake, kisha likabaki palepale, kama mtu aliyesahau neno alilokuja kusema. Mbele lilikuwa likija lori jingine. Polisi waliandika kuwa barabara ilikuwa na barafu, na kweli ilikuwa na barafu. Hakuna aliyeniuliza jambo lolote. Katika mazishi nilihubiri mimi.

Sasa kipoza kilikuwa mezani pangu, na Jonna alikuwa akiupitisha ukucha wake juu ya ule mdomo laini.

"Nani alikata hapa?" aliuliza. "Kakata vizuri, mkono haukutetemeka. Ila kaacha mdomo mtupu."

"Nitauchomelea ukingo," nilisema.

Alinitazama kidogo, kisha akavaa glavu. Hakurudia swali lake. Nilidhani amelisahau.

Tulifanya kazi siku ile nzima. Niliuchomelea ukingo, nikaulainisha kwa tupa mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa. Tulivua bampa la mbele, tukatoa kipoza cha zamani kilichokuwa kidogo kama kitabu cha nyimbo, tukakipachika kile kikubwa, tukavika mabomba mapya ya mpira. Jonna alifanya kazi kama baba yake, akisema na vyuma.

"Ingia, mjukuu wa shetani. Ingia, nitakupa kahawa."

"Lugha yako," nilimwonya.

"Samahani, Mzee Hilding. Ingia, mjukuu wa mchungaji."

Ilipofika saa tisa tulikuwa tayari kupima. Njia ya kupima ni hii: fundi huziba mdomo wa turbo, huingiza upepo kwa kompresa injini ikiwa imezimwa, kisha hupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Palipo na tundu, povu huchemka. Geji ilipanda mpaka moja nukta mbili. Nikazima kompresa, kukawa kimya. Nilipita na brashi kiungo kwa kiungo, na povu likatulia kama maziwa.

Ndipo nikaisikia pumzi.

Ilitoka upande wa kushoto, chini, pale mpira ulipokutana na ukingo wangu mpya. Haikuwa mlio wa hewa inayovuja. Nimesikiliza milio hiyo miaka arobaini na siwezi kuikosea. Hii ilikuwa pumzi ya mtu aliyefika mwisho wa mlima na kutua mzigo. Ilitoka mara moja, ndefu, ikakoma.

"Umesikia?" nilimwuliza Jonna.

"Nini?"

"Kushoto. Kunavuja."

Alilala sakafuni, akaweka sikio karibu kabisa, akasikiliza. Sindano ya geji haikusogea hata unywele.

"Mzee Hilding," alisema akiwa chini, "kinachovuja ni sikio lako."

Nilifungua kibano, nikavua mpira, nikausafisha, nikaurudisha. Tukapima tena. Sindano ilisimama. Pumzi ikaja. Nikafungua tena. Mara ya tatu Jonna aliketi juu ya tairi, akala mkate wake wa nyama kavu ya kulungu, akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Gari haliondoki leo," nilisema.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu sijaridhika."

"Sawa. Nitakuja Jumamosi. Wiki hii nitaenda na basi la mgodi pamoja na wakoromaji."

Kesho yake, Jumapili, ilikuwa zamu yangu kusoma neno katika nyumba ya sala. Nilikuwa katikati ya ukurasa nilipoisikia tena, pumzi ileile, kutoka mabenchi ya kushoto, pale Taisto alipozoea kuketi karibu na jiko. Niliinua macho. Mahali pale aliketi Irma, mjane wake, kitambaa cheusi kichwani, mikono mapajani. Alikuwa akinitazama. Nilifahamu wakati huo kwamba kwa miaka sita hakuwahi kuketi penginepo, na kwamba kila niliposimama kusoma, macho yake yalikuwa pale. Nilirudi kitabuni, nisiuone mstari. Mzee mwenzangu alilazimika kunionyesha kwa kidole mahali nilipofika.

Wiki ile niliingia gereji kila siku baada ya chakula cha mchana. Nilijaza upepo, nikaketi juu ya kigoda, nikangoja. Siku nyingine ilikuja upesi. Siku nyingine ilichelewa kiasi kwamba nilianza kushukuru, nayo ikaja katikati ya shukrani yangu. Ebba, mke wangu, aliniletea kahawa, akasimama mlangoni, akaondoka. Naye hakusikia kitu.

Jumamosi Jonna alikuja na kopo.

Alilitoa mfukoni bila kulificha, akauvua mpira wa kushoto, akapuliza ndani yake kabla sijafungua kinywa. Harufu tamu ya saluni ikajaa gereji yangu. Nilishika ukingo wa meza.

"Hili nalo utalitupa kwenye theluji?" aliuliza.

"Nani alikueleza?"

"Baba. Alifika nyumbani Jumamosi ile, akakaa mezani anacheka mpaka machozi. Alisema, Askofu kampiga marufuku mpira wangu kwenda dansi." Alivika mpira, akakaza kibano. "Tupime."

Tulipima. Moja nukta mbili. Niliitazama saa ya ukutani: dakika kumi zilipita, sindano imesimama kama msumari. Na kila dakika, bila kukosa, ile pumzi ilitoka kushoto. Sasa ilikuwa imekaribia. Haikutoka tena katika bomba. Ilitoka kimo cha uso wa mtu aliyesimama karibu nami.

"Imeshika," alisema Jonna. "Nimeridhika mimi. Naomba ufunguo."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, nami nilikuwa nimeukunjia ngumi.

"Usiende nalo barabara ile."

"Kuna kasoro gani? Nionyeshe povu moja, nitaliacha hapa."

"Hakuna povu."

"Basi?"

"Jonna, mwanangu, usiende."

Alisogea mbele yangu. Ana urefu wa baba yake, na siku ile hakuwa na uso wa mzaha.

"Sema, Mzee Hilding. Tangu Jumamosi iliyopita unataka kusema. Sema au nipe ufunguo."

Nilisema. Nilimweleza habari ya msumeno, na ya gesi iliyokwisha, na ya kopo. Nilipofika kwenye mafuta nilirudi kwenye msumeno, nikaanza upya. Nilisema kwamba nilijua, na kwamba nilithamini usafi wa gereji yangu kuliko shingo ya rafiki yangu, na kwamba nilisimama juu ya jeneza lake nikazungumza habari za mapenzi ya Mungu.

Jonna aliitua spana polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Mafuta," alisema. "Ndiyo. Mama aliyakuta."

"Aliyakuta wapi?"

"Ndani ya mpira. Gari lilipoletwa ghalani, kabla ya mazishi, mama alilizunguka peke yake. Aliuona mpira unaning'inia. Akaingiza kidole, kikatoka cheusi. Mama ni binti wa fundi, unajua hilo. Aliufunga mpira kwenye gazeti, akauweka juu ya kabati."

"Anajua? Miaka yote hii?"

"Anajua."

"Na mlinyamaza!"

"Yeye ndiye aliyenyamaza. Mimi nilitaka kuja hapa na shoka." Alifuta mikono yake, kidole kimoja kimoja. "Alisema, tukimwita atakuja kwa woga, na atasema maneno mazuri, maana maneno anayo. Mwacheni aje kwa miguu yake. Basi tukangoja. Lakini mimi sina subira ya mama. Ndiyo sababu nikakuletea kipoza."

"Nisamehe," nilisema.

"Hapana. Maneno yenu hayo ya kusamehe mimi siyasemi, na sitayasema ili wewe ulale vizuri. Nenda kwa mama."

Kisha alifanya jambo ambalo hakuna mtu aliyepata kulifanya katika gereji yangu. Alichukua bisibisi na spana, akaikagua kazi yangu, kibano kwa kibano, mbele ya macho yangu, akivifungua na kuvikaza upya kwa mkono wake. Nilisimama kando kama mwanafunzi. Alipomaliza alinyosha kiganja, nami nikampa ufunguo. Injini iliwaka. Aliliondoa gari taratibu uani, kisha nikasikia barabarani jinsi alivyolikanyaga, na turbo ikavuta hewa, na sauti ikapanda moja kwa moja bila kukatika mpaka ikapotea nyuma ya msitu.

Sikusubiri kuvaa nguo za heshima. Nilikwenda kwa Irma hivyo nilivyokuwa, na mikono michafu, kilomita mbili kando ya mto ulioganda, jua likiniumiza macho.

Alifungua mlango kabla sijabisha.

"Amani ya Mungu," nilimwamkia.

Hakuijibu salamu. Alisogea, nikaingia. Kahawa ilikuwa jikoni, na vipande vya jibini, ambavyo kwetu huliwa vikiwa vimelowa kahawa, vilikuwa vimekwisha kuwekwa ndani ya vikombe viwili. Nilikataa kuketi. Nilisimama kati ya mlango na meza, nikasema yote kwa mara ya pili siku ile, na mara ya pili haikuwa nyepesi. Irma alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti.

Kwetu aliyekosa huungama mbele ya mwamini yeyote, mwanamume au mwanamke, na yule aliyesikia humwekea mkono begani na kumtangazia kwamba amesamehewa. Si vigumu. Nimewafanyia mamia ya watu, wengine wakilia, wengine wakiangalia saa. Nilipomaliza niliinamisha kichwa, nikangoja.

Mkono wake uliinuka. Niliuona kwa pembe ya jicho. Ulifika nusu ya njia, ukasimama hapo, ukarudi kwenye kiti.

"Unakumbuka Pasaka ya mwaka wa kwanza?" aliuliza. "Nilikuja kwako baada ya mkutano. Nikakwambia kuna mtu ninamchukia mpaka chakula hakishuki."

"Nakumbuka."

"Ukaniwekea mkono, ukanisamehe. Hukuniuliza ninamchukia nani."

"Si desturi kuuliza, Irma."

"Najua si desturi. Lakini nilikutazama machoni, Hilding. Nilikufungulia mlango wazi kabisa. Nawe ukanisamehe dhambi yako."

Sikuweza kuinua kichwa.

"Haya maneno unayoyangoja nilikuwa nayo," alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayetafuta kitu ndani ya sanduku. "Nilikuwekea. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila Jumamosi nilichemsha kahawa ya watu wawili, nikasema leo atakuja. Maneno yalikuwa hapa, mdomoni. Nadhani ni mwaka wa tano yalipoanza kupungua. Leo umekuja nami nayatafuta, siyapati."

"Nifanye nini?"

"Unywe kahawa, itapoa. Na Jumamosi ijayo urudi. Siwezi kuyasema hali hayamo. Wewe ungeweza. Mimi siwezi."

Niliketi, nikanywa.

Wiki ile niliwaambia wazee wa ushirika, nikaacha kusoma mbele ya watu. Siku za Jumapili naketi benchi la nyuma. Jonna hupita nyumbani kwangu alfajiri akienda mgodini, wala hapigi honi. Kwa Irma nimekwenda Jumamosi kumi na moja. Hatuzungumzi mengi: habari za mto, za bei ya kuni, za magoti yake. Kabla sijaondoka nasimama mahali palepale kati ya mlango na meza, nayasema yote tangu mwanzo, msumeno, kopo, mafuta, naye hunisikiliza kana kwamba hajapata kuyasikia.

Jumamosi iliyopita mkono wake ulifika begani mwangu. Ulikuwa mwepesi na wa baridi, ukakaa hapo kitambo, nikamsikia akivuta hewa ili aseme. Maneno hayakuja. Akauondoa mkono, akakusanya vikombe, akaenda kuviosha.